Bendera ya Nusunjia

Tangu wanawe wawili wahame Darsait, hapa Maskati, mmoja akajenga Bawshar na mwengine Al Khoudh, Bi Muhsina alibaki na fleti yake juu ya duka la mshona makochi, na Pelagia wa kumsaidia kazi, na cherehani, na Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku wajukuu wanapokuja kula. Wajukuu ni wengi, alhamdulillahi, lakini wawili aliwalea yeye mwenyewe: Nawar, binti wa Bawshar, na Ghaith, kijana wa Al Khoudh. Walikulia mkeka mmoja na sinia moja, wakigombania ukoko wa wali mpaka Bibi ashike kijiko, aukate katikati, kila mtu apewe chake.

Sasa wako chuoni, wakubwa na miwani yao. Mwaka huu hawakugombania ukoko. Waligombania nchi.

"Nchi gani hiyo?" aliuliza Bi Muhsina.

"Haipo, Bibi," alisema Nawar.

"Haipo, na mnaigombania?"

Ikabidi aelezwe pole pole. Wanafunzi wanaopenda historia walikuwa wakitayarisha maonyesho. Kila wawili wanachukua mambo ya zamani, wanayapinda kidogo, kisha wanatunga nchi ambayo ingezaliwa hapo. Nawar na Ghaith walitunga kwamba zamani, waliotoka Oman kwenda Unguja na waliotoka Unguja kuja Oman walikutana kwenye visiwa viwili katikati ya bahari. Maji ya kunywa yamewaishia, wakateremka, wakapapenda, wakakaa. Mpaka leo wapo, wana pasipoti na timu ya mpira, na nchi yao inaitwa Nusunjia. Kilichobaki ni bendera tu.

"Na mimi huko ningekuwa nani?"

"Waziri wa mkate wa kumimina," alisema Ghaith.

Bi Muhsina akakubali cheo. Tatizo likaja kwenye bendera yenyewe. Ghaith alitaka mtende. Nawar alitaka karafuu.

"Karafuu ukiitazama kwa mbali ni msumari," alisema Ghaith.

"Na mtende wako ni fagio lililosimamishwa mlangoni!"

Wakacheka siku ile, lakini kicheko kikachacha. Ijumaa iliyofuata alikuja Nawar, Ghaith hakuja. Ijumaa ya pili alikuja Ghaith, na aliposikia sauti ya Nawar ngazini akakumbuka kuwa ana darasa. Darasa siku ya Ijumaa, na chuo kimefungwa! Pelagia alipoosha sufuria, ukoko ulikuwa umebaki mzima, haujaguswa na mtu.

Bi Muhsina aliutazama ule ukoko. Ameona nyumba za watu. Inaanza kwa jambo dogo la kipuuzi, leo bendera, kesho mmoja anaoa na mwengine hana khabari, na mwisho watoto wao wanapishana sokoni hawajuani. Akachukua simu, akawatumia sauti, mmoja mmoja: "Mje wote wawili, au asije hata mmoja. Mkija, njooni na kitambaa."

Walikuja Alkhamisi na kitambaa kirefu cheupe na makopo ya rangi, wakapanda juu ya paa. Bi Muhsina magoti yake hayataki tena zile ngazi, akabaki chini akisikiliza. Kwanza sauti zilipanda. Kisha zikashuka. Kisha akasikia kicheko, akashusha pumzi. Alasiri waliteremka na vidole vyekundu na vya kijani, wakamkabidhi kitambaa kimekunjwa vizuri.

"Bibi, tupindie," alisema Nawar. "Tutaifuata kesho baada ya sala. Maonyesho Jumamosi."

"Nipinde vipi?"

"Kama unavyopinda siku zote."

Wakenda zao. Bi Muhsina akakaa kwenye cherehani, akakitandaza kitambaa. Upande mmoja shada la tende juu ya wekundu, limezungushiwa pindo lake. Upande wa pili kishada cha karafuu juu ya kijani, nacho na pindo lake. Katikati, baina ya pindo na pindo, ukanda mwembamba mweupe usio na rangi.

Sasa, mkono wa Bi Muhsina umekata kanga tangu yuko mwari. Kanga huja dukani mbili zimeshikana, na baina yake hubaki mwanya mweupe kama ule. Hapo ndipo mkasi unapopita, hakuna anayeuliza. Akakata. Akapinda huku, akapinda huko, akapiga pasi, akazikunja moja juu ya mwenzake kama za bibi arusi, akazifukiza udi.

Pelagia akatoka jikoni anafuta mikono. "Mama, hii si ilikuwa moja?"

"Ilikuwa jozi haijakatwa."

"Jamani! Mimi niliwapelekea maji huko juu. Ghaith anamwambia mwenzake, hapa kwenye weupe ndipo tulipopatana, hii ni bahari iliyo katikati ya visiwa."

Bi Muhsina akakaa kitako. "Nimeikata bahari?"

"Umeikata, Mama."

"Yote?"

"Na iliyobaki umeipinda."

Alijaribu kuzifumua na kuziunganisha, wapi. Kitambaa kilikwishatobolewa na sindano, na kila alipozisogeza zikakutana pindo kwa pindo, nundu katikati kama kovu. Akaziacha. Akasema na nafsi yake: mimi ndiye niliyewaita wapatane, na mimi ndiye niliyewatenga kwa mkasi.

Ijumaa walikuja kwa gari moja. Gari moja! Kwa furaha ile na hofu ile, Bi Muhsina akaamua wale kwanza. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, achari. Kila akitaka kusema, anamwongeza mtu mchuzi.

"Bibi, nimeshiba," alisema Ghaith. "Leo unatulisha kama tunasafiri."

Pelagia akakohoa mlangoni. Bi Muhsina akaenda chumbani, akarudi na zile mbili juu ya mikono, zinanukia. Nawar akafunua ya juu. Ghaith akafunua ya chini.

"Ziko mbili," alisema Ghaith.

"Nilikata, baba. Nimeona pindo, nimeona mwanya, mkono ukajiendea wenyewe."

Nawar akaikunja ile ya karafuu, akaiweka mapajani. "Basi sawa. Mimi nna bendera yangu, naye ana yake. Kila mtu na kisiwa chake."

"Khalas!" alisema Ghaith. "Hata hivyo sikuutaka msumari kwenye bendera yangu."

"Na fagio lako kalifagilie kwenu!"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na limekuja juu ya sinia lake mwenyewe. Bi Muhsina alitaka kulia, lakini zaidi alitaka kujitetea.

"Na nyinyi msinione nimepungukiwa na akili," alisema. "Kitu chenye pindo mbili hukatwa, dunia nzima inajua. Hata kanga yangu ile ya korosho tuliikata na Nunu."

"Bibi Nunu wa Chake?" aliuliza Nawar.

"Nna dada mwengine? Siku naondoka kuja Maskati, tuliikatia mlangoni, gari linapiga honi. Yeye akashika yake na mimi yangu. Nikenda arusi huko naibeba, tunavaa sare. Akija yeye huku, vilevile."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja najifungia kichwa nikiumwa. Moja peke yake ni ya nini? Kitambaa cha kichwa."

Ghaith aliinua kichwa. "Ngoja. Kwa hivyo haivaliwi mpaka mkutane?"

"Arusini? Peke yangu nitavaa na nani?"

Ghaith akamtazama Nawar. Nawar alikwishaanza kuikunjua tena ile ya karafuu.

"Bendera ya Nusunjia ni mbili," alisema Nawar. "Na kila kisiwa kinaweka ya mwenzake! Nyinyi wa tende mnakaa na karafuu yetu, sisi tunakaa na tende yenu."

"Na siku ya taifa lazima zikutane, la sivyo nchi haina bendera."

"Na kisiwa kimoja kikinuna?"

"Basi nchi nzima inakaa na kitambaa cha kichwa!"

Wakaanza kubishana nani avuke bahari kwanza, lakini ule ulikuwa ubishi wa zamani, wa ukoko. Bi Muhsina aliujua kwa sauti tu. Akajimiminia kahawa.

Jumamosi walimchukua hadi kwenye maonyesho, wakampa kiti mbele. Ukumbi ulijaa bendera za tai, simba na nyota. Zamu yao ilipofika, Nawar alitokea mlango huu na tende, Ghaith mlango ule na karafuu, wakatembea mpaka wakakutana katikati, wakazishika pembe kwa pembe. Mwalimu mmoja akauliza wazo hili wamelitoa kwenye historia gani. Wote wawili wakamwonyesha Bi Muhsina kwa kidole, naye akavuta ushungi akajifanya anatafuta miwani.

Hawakushinda. Walioshinda walitunga nchi yenye reli tangu zamani, na kitreni chao kilizunguka meza kikipiga honi.

"Treni nzuri," alisema Bi Muhsina garini. "Lakini bendera yao haina pindo."

Basi tende ikaenda Bawshar na Nawar, karafuu ikaenda Al Khoudh na Ghaith. Ijumaa iliyofuata Nawar alitangulia, akaianika tende kwenye kamba ya roshani, baina ya mashuka ya Pelagia. Wali ukaiva. Watoto wadogo wakaanza kulia njaa.

"Tupakue, Mama?" aliuliza Pelagia.

"Nchi haijatimia."

Chini honi ikalia mara mbili. Ghaith akapanda ngazi mbio, karafuu ameifunga shingoni kama mtoto wa sikukuu, akaibana kwenye kamba kando ya mwenzake. Upepo ukazitikisa zote pamoja.

"Haya, pakueni!" alisema Bi Muhsina.

Ukoko ulipoletwa, mikono miwili ikaurukia mara moja. "Wangu!" "Wako tangu lini?"

"Nileteeni kitu niukate," alisema Bi Muhsina.

Pelagia akamwekea kijiko mkononi. "Kijiko hiki hapa, Mama. Mkasi nimeuficha."