Miji Tuliyogawana Wakati wa Vumbi

Vumbi la jangwani lilishuka mjini kwetu Tamale kabla watu hawajamaliza kuchimba viazi vikuu. Lilikuja bila kishindo, kama mgeni anayejua ufunguo unapofichwa. Jua likawa sahani ya bati. Midomo ikapasuka. Pikipiki yako ikija kwa njia ya Lamashegu niliisikia kwanza, kisha nikangoja, kisha ukatoka ndani ya weupe ule, kitambaa puani, macho tu, Wunpini, macho tu.

Nilikupenda hivyo, nusu yako ikiwa imefichwa. Wala sikufikiri kwamba nusu ile ningekuja kuiogopa.

Kwetu safari haitajwi. Anayeondoka husema anakwenda shamba. Binamu yangu Fuseini alituaga kwamba anakwenda kuziba pancha. Wiki iliyofuata alipiga simu kutoka Ubelgiji, na mpaka leo mama yake humuuliza pikipiki aliiacha wapi. Hatumcheki kwa kuficha. Tunamcheka kwa pancha. Jicho la mtu ni zito, na jambo lisiloiva likitazamwa sana hudumaa.

Basi tukajificha, wewe na mimi, katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi yako Sanatu, mshonaji, nyuma ya pazia la magauni yasiyo na mikono. Tulikuwa tunatafuta vyuo vya Ulaya vya shahada ya uzamili ya fedha, vile ambavyo wanaobisha hodi ni maelfu na wanaofunguliwa ni wachache. Wewe fedha uliisomea chuoni. Mimi nilisomea kilimo. Fedha nilijifunza mwenyewe, baada ya kazi katika ghala la mafuta ya shea, kitabu baada ya kitabu, kama mtu anayechimba kisima peke yake na kutoa udongo kwa bakuli. Shangazi alidhani tunazungumza ndoa. Kila akitaka kuingia, alikohoa kwanza.

Sikuviamini vyuo vile. Vyote vilikuwa na ngazi zilezile za mawe, na juu ya ngazi vijana walewale wakicheka. Kila kimoja kilikuwa cha kwanza katika orodha fulani. Kila kimoja kilitaja mshahara wa wahitimu wake, wastani wake mzuri, wa kumeremeta. Nikashuka chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo, nikakuta kwamba wastani ule ni wa waliojibu. Waliojibu. Na wasiojibu wako wapi? Wanaishi katika chumba gani, kimya chao kimehesabiwa na nani?

Ukanicheka. "Wewe bwana unachagua chuo kama mtu anayenunua kanga sokoni Aboabo. Unainua bawa, unapuliza manyoya. Ukija kumaliza, kanga kauzwa kwa mwenzako."

Palikuwa na uvumi kwamba vyuo hivyo havichukui wawili waliotoka chuo kimoja cha huku. Hakuna aliyeuona umeandikwa popote. Tuliushuku, na bado tukautii. Tukakubaliana tusigongane mlango mmoja. Tukatandika ramani ya reli juu ya cherehani, tukaanza kugawana. Rotterdam yangu, Tilburg yako. Lille yangu, Paris yako. Torino yangu, Milano yako. Kila jozi, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Orodha za ubora tukazisahau. Tulichotafuta ni treni ya Jumapili. Miji yako uliitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Yangu niliizungushia chaki ya fundi. Tuliigawana Ulaya alasiri moja, na hatukumwuliza mtu yeyote wa huko.

Sidhani nimewahi kuwa tajiri kama alasiri ile.

Januari, maombi yakiwa yameshatumwa, nilimpelekea Dokta Neindow kola, zile kokwa za kutafuna, kwa shukrani. Alitufundisha sote wawili takwimu, na mwaka ule ni sisi wawili tu tuliomwomba atuandikie pendekezo. Vyuo vilimwandikia yeye moja kwa moja, kila chuo kwa jina lake. Alikuwa anamenya karanga. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mwenzako, wale wa Stockholm nimeshawajibu. Hawa wengine wanisubiri kidogo. Macho yangu haya, vumbi limeyala."

Stockholm. Mji ule haukuwa na nukta wala chaki. Haukuwa na jozi. Kutoka kule hakuna treni ya Jumapili.

Sikuuliza. Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilisema labda Dokta amechanganya. Nilisema labda ni jambo la kunifurahisha, litakuja kwa wakati wake. Nilizipanga hizo labda moja baada ya nyingine, kama magunia, nikazikagua, na zote zilikuwa nzima, na sikuiamini hata moja. Shaka ni kama vumbi letu: unafunga madirisha, unaziba chini ya mlango kwa kitambaa, halafu unalikuta ndani ya chumvi.

Nikaanza kukutazama. Simu yako uliilaza kifudifudi. Saa za treni hukuzitaja tena. Siku moja ulimwuliza shangazi, katikati ya kupiga pasi, kama theluji ina sauti inapoanguka. Shangazi akasema yeye atajuaje, aulizwe mvua. Nami nilicheka pamoja nao, huku neno theluji nikilitia mfukoni.

Wala si jina la mji lililoniuma. Safari haitajwi, ndiyo. Ila nilidhani mimi na wewe tuko upande mmoja wa pazia. Sasa niliona niliposimama. Ulikuwa umenihesabu pamoja na majirani. Ulikuwa umenihesabu pamoja na wenye jicho.

Februari, Rotterdam waliniita kwenye usaili, kwa kompyuta. Juu nilivaa koti la kuazima, chini suruali ya ghalani. Mama mmoja mwenye sauti ya taratibu aliniuliza habari za riba, habari za hasara, nikajibu. Kisha akauliza, "Umeomba wapi kwingine? Na wote wakikukubali, utakwenda wapi?"

Jibu la swali hilo kila mwombaji analijua: hapa tu, hapa ndipo nilipopaota. Nami nililikariri. Lakini nilisikia swali langu likitoka kinywani mwa mtu nisiyemjua, jepesi, bila kukohoa mlangoni. Wiki nyingi nililibeba kama jiwe, na yeye alilitoa kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamwambia Lille, nikamwambia Torino. Nikamwambia ningechagua kwake, kwa sababu kuna mtu niliyetumaini atakuwa mwendo wa saa moja kutoka hapo, na sasa sijui kama atakuwapo. Akaandika kitu. Nilishuku alichoandika. Bado nakishuku.

Nikaja dukani alasiri ileile, na koti la watu mwilini, nikakuuliza kwa maneno yaleyale. Umeomba wapi kwingine?

Mkono wako ulisimama kwenye fundo la kitambaa.

"Dokta naye hana kifuniko," ulisema. Kisha, polepole: "Stockholm. Na si kwamba nilikuogopa jicho, Tiyumba. Ningekuambia, ungetafuta chuo cha jirani, na ungekipata, nakujua. Mimi tangu nizaliwe sijalala mahali pasipo mtu wangu chumba cha pili. Nilitaka mji mmoja tu usio na treni ya kuja kwako."

Nikauliza, na wote wakikukubali?

"Sijui," ulisema.

Nikakuamini, mara ya kwanza tangu Januari, kwa kuwa hilo si jibu ambalo mtu hulikariri.

Aprili, Rotterdam walinikubali. Tilburg walikukubali. Stockholm nao walikukubali. Mvua ya kwanza ilikuwa imeiosha hewa, na nilikuona ukiwa bado kule njia panda, mzima, uso wote, bila kitambaa. Ulizima pikipiki. Hukushuka.

"Nimewajibu Stockholm," ulisema. "Mama hajui, shangazi hajui. Watajua nikishafika. Wewe nakuambia leo."

Niliyapekua maneno yako hadi kwenye maandishi yake madogo, nikitafuta huruma, nikitafuta mlango wa pili. Sikuona kitu. Kutoona si kuamini. Lakini nilikuwa nimeambiwa, na safari yako ilikuwa haijaiva.

Ukawasha. Miezi yote ile vumbi lilikumeza hapo tu, penye duka la vocha, nami nilibaki na mlio, nikijidai uko karibu. Leo nilikuona ukiwa mdogo, ukizidi kuwa mdogo, wazi kabisa, mpaka mwisho wa macho.

Shangazi Sanatu alitoka na sindano mdomoni. Akaitoa. Akauliza mwanawe anakimbilia wapi hata salamu hakuna.

"Anakwenda shamba, Shangazi," nikasema.

Akaitazama barabara ile, iliyooshwa, ndefu, isiyoelekea shamba la mtu yeyote. Kisha akanitazama mimi, akairudisha sindano mdomoni.