Simu Ndani ya Taulo

"Simu," Mzee Taulo alisema, kiganja amekikunjua.

Wakili alicheka, akaitoa mfukoni. Kila kedi pale klabu ya gofu alibeba fimbo za mchezaji wake na kumtafutia mpira vichakani, lakini ni Mzee Taulo peke yake aliyemnyang'anya mtu simu kabla ya pigo la kwanza, akaizima sauti kwa kidole chake mwenyewe na kuitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna simu iliyowahi kulia kwenye begi alilobeba yeye. Wenzake walimtania kwamba hata akikohoa, hukohoa kwa ndani. Jina alilipata kwa sababu ya taulo jeupe alilolitundika begani siku zote, la kufutia mipira na vichwa vya fimbo.

"Vipi binti?" wakili aliuliza.

"Ameingia wodini tangu alfajiri, bosi."

"Basi usiwe na wasiwasi. Mkweo nimeshampa namba yangu. Atapiga kwangu. Wewe iache itetemeke tu, utaisikia begani."

"Ahsante, bosi. Mungu akuweke."

Simu za makedi zilifungiwa kwenye sanduku la mbao kibandani mpaka mchezo uishe. Mzee Taulo hakuwahi kuilalamikia sheria hiyo hadi mwaka jana, mimba ya kwanza ya binti yake ilipoharibika. Siku hiyo alimaliza mzunguko, akafungua sanduku, akakuta amepigiwa mara kumi na moja. Alipofika hospitali kitoto kilikuwa kimeshafunikwa, na binti, aliyeponea chupuchupu, alimuuliza jambo moja tu: "Ulikuwa wapi, baba?" Angemjibu nini? Kwamba alikuwa ameshika bendera ya shimo? Mama yake alikwishafariki, na binti hakuwa na mzazi mwingine wa kumuuliza.

Kwa hiyo, walipokuwa wakielekea shimo la pili, alifanya kitu ambacho angemfokea kedi mwingine kwa kukifanya. Begi lilikuwa nene, na bega lake lilishakufa ganzi kwa mikanda ya miaka yote hiyo. Hakuamini kwamba angeusikia mtetemo. Aliifungua sauti. Kisha akalishusha taulo begani, akaiviringisha simu humo mara tatu, akaisukumiza chini kabisa ya mfuko. Ikilia, alijiambia, nitaisikia mimi tu. Hakumwambia wakili.

Ilikuwa fainali ya klabu. Mpinzani wa wakili alikuwa Mama Famasi, mwenye duka la dawa, mwanamke mfupi wa miaka sitini aliyecheza bila haraka na bila huruma. Sheria ya simu aliiandika yeye mwenyewe, ikabandikwa mlangoni: simu ya mchezaji ikilia wakati mwenzake anapiga, mwenye simu amepoteza shimo. Ikiwa ni ya kedi, kedi anarudisha kitambulisho na kwenda zake. Makedi nao walikuwa na desturi yao ambayo haikubandikwa popote. Simu ya bosi ikilia, kedi husema, "Ni yangu." Anafukuzwa, shimo linaokoka, na baada ya mwezi au miwili bosi anamwombea msamaha. Wengine walisamehewa. Wengine mpaka leo wanaosha magari ng'ambo ya barabara, na mabosi wao hupita hapo vioo vimepandishwa.

Walifika shimo la kumi na nane wakiwa sare. Kila walipotua, Mzee Taulo aliliinamia begi kama mtu anayesikiliza pumzi ya aliyelala. Hakusikia kitu. Jua lilishapanda. Ni saa ngapi mtu anazaa?

Mvua ya jana ilikuwa imeacha matope, na mpira wa wakili uliingia kwenye majani mafupi ya shimo la mwisho ukiwa umechafuka upande mzima.

"Nifutie huu, mzee wangu."

Mkono wa Mzee Taulo ulikwenda begani, ukakosa, ukashuka mfukoni, ukalivuta taulo. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kama ulivyofanya kila siku ya kazi. Simu ikateleza, ikabaki mfukoni peke yake. Macho yake yalikuwa kwenye mpira. Aliufuta mpaka ukang'aa, akaurudisha, akalitundika taulo begani mahali pake. Hakukumbuka kabisa.

Wakili alipiga, akakosa, akapiga tena, ukaingia. Mama Famasi alibakiza hatua mbili tu. Akiutia huu, kombe lake. Aliinama, akaipima njia kwa jicho moja, akaivuta fimbo nyuma.

Simu ikalia. Mlio wa wakili ulikuwa wa tarumbeta, kama wa bendi ya harusi, na mpira wa Mama Famasi ukapita pembeni ya shimo na kwenda zake.

"Ya nani hiyo?" mwamuzi aliuliza.

Wakili alishachukia. "Yangu. Lakini nilisema itetemeke!"

"Ni yake," Mzee Taulo alisema, "ila sauti nimeifungua mimi. Yeye hajui. Na anayepigiwa ni mimi. Msimnyang'anye shimo."

"Mzee wangu," wakili alisema polepole, "umenifanyia nini?"

Mzee Taulo aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma. Ni mtu gani anayekanyaga wema namna hii?

"Sheria haijui mambo ya nani kafungua nini," mwamuzi alisema. "Niambieni moja. Ya mchezaji au ya kedi?"

Hapo simu ikanyamaza. Mwaka jana simu zilikuwa kumi na moja, na hii ya kwanza ilikuwa imempita Mzee Taulo akiwa amesimama kando yake.

"Ni yangu," alisema, akaanza kufungua kitambulisho kifuani. Pini ilimgomea.

Ikalia tena.

"Nani huyo asiyechoka?" Mama Famasi aliuliza, uso umekunjamana.

"Hospitali, mama. Binti yangu anajifungua. Mwaka jana..."

Mama Famasi aliutazama mpira wake uliokosa, akamtazama yeye. "Sasa unangoja nini? Pokea! Au unataka na mimi nilie?"

Aliichomoa simu, akageukia pembeni na kufunika mdomo kwa kiganja. Aliisubiri sauti ya mkwe. Mkwe ndiye aliyepiga mwaka jana, mara zote kumi na moja.

"Haloo," alinong'ona.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya binti yake mwenyewe, imechoka, imekwaruza. "Baba, mbona unanong'ona? Ni mimi. Nipo."

Aliketi pale pale, juu ya majani ambayo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiyakanyaga kwa ncha za vidole. Nyuma ya sauti ya binti kulikuwa na nyingine, kali, ya mtu aliyeanza kuigombeza dunia mapema.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Ana kelele, baba, usiombe! Ngoja nimnyamazishe, najua uko kazini."

"Usimnyamazishe!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata wakili akashtuka. "Mwache alie, mama! Mwache alie!"

Mwamuzi alikuwa amesimama mbele yake, mkono ameunyoosha kupokea kitambulisho. Mzee Taulo alikichomoa na kumpa bila kumtazama, simu ikiwa sikioni, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Kule shimo la kwanza, ng'ambo ya ua, mtu aliyekuwa amekwisha kuinua fimbo yake aliishusha, akageuka kutazama kelele zinatoka wapi.