Mwenze Alivyoisingizia Pijo

Mama Feza alimkuta Mwenze juu ya paa la banda la kuku, nyundo mkononi, misumari mitatu mdomoni. Akabisha hodi ingawa lango lilikuwa wazi, kisha akasimama chini akimngoja. Mwenze alimjua kwa sura tu, kama watu wengi wa komine ya Kenya, wilaya mojawapo ya mji wa Lubumbashi, walivyomjua: mama wa Kimaniema mwenye meza ndefu ya samaki wakavu sokoni, asiyepandisha sauti na asiyekubali kupunjwa.

"Jambo, ba Mwenze. Samahani, nakukatiza kazi."

Mwenze alitema misumari kiganjani. "Jambo, mama. Karibu. Nashuka."

Alipofika chini Mama Feza hakuzunguka mbuyu. "Nimekuja kuuliza juu ya motokari. Ile Pijo ya turubai ya Nasoro, ya rangi ya majivu. Bananiambia weye njo ulikuwa mwenye wa kwanza."

"Njo miye," alisema Mwenze. "Iko na nini?"

"Nasoro anaiuzisha. Anarudi Kasongo kwa bandugu yake. Nami nachoka kungojea malori ya bantu kila ninapofuata samaki Kasenga. Lakini kuuliza mwenye kuuza peke yake haitoshi. Mwenye kuuza anasema yote iko muzuri."

Mwenze aliitia misumari mfukoni, mmoja mmoja. Pijo inauzwa, na hakuna aliyemwambia.

Gari hilo alilinunua likiwa jipya mwaka wa sitini na tisa, alipopandishwa kuwa fundi mkuu wa umeme katika shirika la shaba. Lilikuwa Pijo 404, lenye kibati cha simba usoni na gia kando ya usukani. Kwa miaka saba alibebea mahindi ya shamba la familia kule Kasungami, akabebea maharusi, majeneza, viti vya kanisa, na mara moja ng'ombe mzima aliyesafiri akiwa amesimama kama abiria. Halikumlaza njiani hata siku moja. Kisha kazi ikamhamishia Likasi, akaambiwa atapewa usafiri wa shirika, akamuuzia Nasoro, mfanyabiashara wa vitenge. Mwezi haukuisha kabla hajaanza kujuta.

Sasa alikuwa amestaafu na kurudi mjini, na kila alipotoka kununua mkate alizunguka mitaa miwili zaidi ili apite mbele ya nyumba ya Nasoro na kuliona. Alikuwa akijiambia kwamba siku moja ataingia aulize. Aibu ndiyo ilimzuia, kwa kuwa aliyeuza kwa hiari yake atarudi na sura gani kuomba?

Na mbele yake sasa alisimama mwanamke ambaye angelichukua wiki hiyo hiyo.

"Mama, sitakuficha," alisema, na ulimi ukamtangulia kabla akili haijafika. "Ile motokari ilianguka. Mwaka wa sabini na tatu, njia ya Kasenga. Niliingia nayo ndani ya mufereji. Shasi ilipinda. Injini iko muzima, lakini inaenda upandeupande kama kaa, na inamaliza mipira."

Mama Feza alihamishia kikapu chake mkono wa pili. "Ulikuwa unaendesha weye mwenyewe?"

"Miye mwenyewe."

"Pole, basi. Mungu alikulinda." Alifungua kikapu, akatoa samaki wawili wakubwa waliokaushwa vizuri, akamwekea mikononi. "Bengine bangenyamaza. Asante kwa kunisemea kweli."

Akaaga, akaenda zake, na Mwenze akabaki amewashika wale samaki kama mtu aliyekabidhiwa watoto wasio wake.

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni. Kwenye kitambulisho jina lake lilikuwa Mwaba tu, tangu serikali ilipofuta majina ya kizungu, lakini ndani ya nyumba ile alibaki kuwa Jeanne.

"Baba Kapya," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mufereji gani?"

Mwenze alianza kuwageuzageuza wale samaki.

"Mwaka wa sabini na tatu nilikaa pembeni yako safari zote. Mimba ya mtoto wetu Mwansa nilibebea ndani ya ile Pijo. Huo mufereji sikuuona, labda nilikuwa nalala."

"Nilitaka tuirudishe, Jeanne."

"Na uongo?"

"Akiiacha, Nasoro atakosa mutu wa kununua. Nitaenda pole pole, nitaongea naye."

Jeanne alimpokonya wale samaki. "Leo tunakula hizi. Tutaona kama zitapita kwenye shingo yako."

Samaki walipita kwa shida. Bukari, ule ugali wa Lubumbashi, ulikuwa laini na mchuzi ulikuwa na nyanya za kutosha, lakini kila tonge lilimkumbusha neno "asante". Usiku ule na uliofuata alijiambia kwamba uongo mdogo kama ule haumuumizi mtu. Uongo wenyewe, hata hivyo, haukukaa nyumbani. Ulikuwa umeshatoka kutembea.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila raia alilazimika kuifanya asubuhi, na mtaa wao ulipangiwa kuzibua mfereji wa maji ya mvua. Mwenze alifika na koleo lake. Watu walimsalimu kwa heshima isiyo ya kawaida, kisha mmoja akasema kwa upole, "Ba Mwenze, simama mbali kidogo na mufereji, tafazali." Kicheko kikakimbia mstari mzima.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ngosa, jirani yake, mwenye Folksi ya kijani. Kwa miaka kumi na miwili hawa wawili walibishana juu ya magari yao kila walipokutana kwenye chupa ya bia. Mwenze alikuwa na hotuba yake, na mtaa mzima uliijua kwa moyo: kwamba kiwanda cha Pijo kilianza na misumeno na visagio vya kahawa kabla ya kutengeneza magari, ndiyo maana chuma chao ni cha kusaga na si cha kusagwa, kwamba 404 ilishinda mashindano ya Safari kule Afrika Mashariki miaka mitatu mfululizo, kwenye matope ambayo trekta lenyewe lingerudi nyumbani. Ngosa naye alijibu kwamba Folksi haihitaji maji wala hotuba.

"Shasi ya Pijo inapindaka?" aliuliza Ngosa sasa, ameegemea koleo lake, furaha imemjaa mashavuni. "Miaka kumi na mbili unatuambia Pijo ni chuma. Kumbe uliikunja wewe mwenyewe kama kitenge, ukanyamaza. Kasimu fundi anasema Mama Feza alimuletea habari, leo banapima shasi na kamba."

Hakika Mwenze hakuwahi kubanwa namna ile. Kuitetea Pijo ni kujitangaza kuwa mwongo. Kunyamaza ni kuachilia jina la gari lile, na lake yeye kama dereva, yazikwe pamoja kwenye tope la salongo. Miaka saba bila mkwaruzo! Vijana walikuwa wakiletwa kwake na baba zao wafundishwe kurudi nyuma kwa kutumia vioo. Na sasa wale vijana walikuwa pale pale, wanamwangalia kwa huruma.

"Banapima sasa?" aliuliza.

"Sasa hivi, kwa Kasimu. Na Nasoro iko pale, amekasirika kabisa."

Mwenze hakuwa amefikiria hata kidogo uongo ule ungemfikiaje Nasoro. Alichomeka koleo ardhini na kuanza kutembea, viatu vimejaa tope, na alipofika kona akajikuta anakimbia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu astaafu. Ngosa alimfuata nyuma, na watu wengine wanne ambao hawakutaka kusimuliwa.

Garaji la Kasimu lilikuwa uwanja wenye ukuta wa matofali na kivuli cha mabati. Pijo ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, na miguu ya Kasimu ilichungulia chini yake. Mama Feza aliketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa mahali fulani, mikono magotini. Nasoro alikuwa amesimama, kofia yake ya hariri imesogea kisogoni. Alikuwa mtu mtaratibu, na hasira ilimkaa vibaya kama nguo ya kuazima.

"Ba Mwenze," alisema, "miaka tano nakusalimia kama ndugu. Uliniuzia motokari ya kuanguka, haukuniambia? Mbele ya mama huyu nimeonekana mwizi."

"Nasoro, haikuanguka."

"Umesema mwenyewe."

"Nilisema bongo. Uongo mutupu." Mwenze alikuwa anahema, lakini hakutaka kungoja pumzi irudi. "Haikuanguka siku hata moja. Haikuingia mufereji, haikugusa ukuta, haikupiga hata kuku. Mama Feza alikuja kuniuliza kwa heshima, nikamudanganya, juu ya kutaka aiache ili niichukue miye. Nakuomba pardon, Nasoro. Na weye, mama. Samaki yako nilikula bila haki."

Miguu ya Kasimu ikasogea, kisha kiwiliwili, kisha uso wenye mafuta, na kamba ndefu nyeupe mkononi.

"Afazali umekuja," alisema Kasimu. "Nimepima mara tatu, napata imenyooka. Nilikuwa nafikiri kamba yangu njo imepinda."

Wa kwanza kucheka alikuwa Nasoro. Alicheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, akavua kofia na kujipangusa nayo machozi. Hasira ilikuwa imemtoka yote. Mama Feza hakucheka. Alinyanyuka, akaenda mpaka mbele ya Mwenze.

"Uliipenda kiasi hicho?"

"Mama, hata leo nikisikia injini yake mbali, najua iko kwenye gia ya ngapi."

"Basi niambie sasa. Ile ya kweli."

Mwenze akamwambia. Alizunguka gari akiligusa hapa na pale, mwanzo kwa aibu, baadaye akasahau kuna watu. Alimwambia kwamba asubuhi za baridi za mwezi wa sita injini inataka kungojewa kidogo, isikimbizwe. Kwamba mzigo mzito uwekwe mbele, karibu na kibanda cha dereva, la sivyo mbele patakuwa pepesi. Alimwambia siku aliyovuka maji yaliyofika mlangoni, akidhani amekwisha, na injini ikaendelea kuimba mpaka ng'ambo. Nasoro naye akaongeza yake: mwaka wa sabini na tisa alitoka Likasi na marobota ya vitenge mpaka juu ya turubai, feni imekatika mkanda, akafunga soksi ya nailoni ya mkewe mahali pa mkanda, akafika. Mwenze hakuwahi kusikia kisa hicho. Alimshika Nasoro bega kwa furaha, kama mzazi aliyeletewa habari njema za mtoto aliyeolewa mbali.

"Soksi?" aliuliza Ngosa kutoka nyuma.

"Soksi," alisema Nasoro.

Ngosa alitikisa kichwa. "Hiyo kwa Folksi yangu sijaijaribu," alikiri, na kwa Ngosa maneno hayo yalikuwa makubwa.

"Ninaichukua," alisema Mama Feza, kana kwamba ametoka kuchagua nyanya. "Iko tu neno moja. Sijue kuendesha. Nasoro anaenda, na dereva wa kuajiri ataniangushia motokari na kuniambia ilikuwa mufereji."

Wote wakamgeukia Mwenze. Naye akatazama viatu vyake vya tope, kwa kuwa uso wake ulikuwa umeanza kutabasamu bila ruhusa.

Walijifunzia Kasungami, kwenye njia pana kati ya mashamba, ambako hakukuwa na wa kugonga ila mihogo. Mama Feza alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Hakuogopa wala hakuharakisha; injini ilipomzimikia alisema "haya" na kuanza tena. Mwenze alizoea kufundisha vijana waliotaka mwendo. Huyu alitaka kujua kila kitu kinafanya nini na kwa nini, na baada ya wiki tano alikuwa anabadilisha gia bila sauti, jambo ambalo Nasoro, Mungu amsamehe, hakuwahi kuliweza.

Safari ya kwanza ya Kasenga walikwenda watatu, maana Jeanne alitangaza kwamba yeye hatabaki nyumbani. Aliketi katikati, na kitenge kipya, na kikapu cha mikate mapajani. Mwenze aliendesha mpaka Kasomeno. Hapo alisimamisha gari, akashuka, akazunguka mbele, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Sasa ni yako," alimwambia Mama Feza.

Akaendesha. Vumbi jekundu lilinyanyuka nyuma yao, na Mwenze, ambaye upande wa abiria wa gari lile alikuwa ameketi wakati wa masomo tu, macho kwenye usukani, aligundua kwamba kutoka pale mtu anaweza kutazama nje. Aliona vichuguu virefu kuliko watu, wanawake wenye mafungu ya kuni waliosimama kuwapisha, kisha wakaona dereva ni mwanamke, wakashusha mizigo ili wapige vigelegele. Mama Feza aliinua mkono mmoja kuwapungia.

"Mikono miwili, mama," alisema Mwenze.

"Mwache," alisema Jeanne, akamega mkate na kumtilia mumewe kinywani.

Mchana ulipogeuka wakaona mto Luapula, mpana na mtulivu, mitumbwi imepangwa kandoni, na ng'ambo yake miti ya Zambia. Mama Feza aliingia sokoni polepole, akasimama sawasawa kati ya mikokoteni miwili na kuzima injini. Wauza samaki walikuwa wameanza kuja mbio wakiita bei. Yeye hakushuka mara moja. Aliacha mikono juu ya usukani, akageuka kuwatazama wenziwe, na meno yake yote yakaonekana.

"Ba Mwenze," alisema, "tukirudi, niendeshe miye yote."

"Yote," alisema Mwenze, akashuka kumtafutia samaki wa makobo wanono.