Tangi Lisilo na Bomba

Jumatano ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita, mwaka ule wa vita, saa tatu asubuhi, fundi mwashi alikuwa mtoni akichekecha mchanga wa lipu. Kazi hiyo haitaki pupa. Changarawe moja tu ikibaki, mwiko unakwama na ukuta unaota kovu. Alikuwa amejaza makarai mawili aliposikia mishindo kutoka juu kijijini. Hakushtuka. Jumatatu mwenyekiti alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba mwamba wa barabarani utapasuliwa kwa baruti, watu wakisikia milio wasikimbie ovyo. Basi fundi akajaza karai la tatu. Akaanza la nne.

Mchanga wenyewe ulikuwa wa tangi la kijiji. Mwenyekiti alimwita ofisini akamkabidhi karatasi yenye mhuri: urefu hatua ishirini, upana hatua sita, kina watu wawili wakisimamiana mabegani. Tumesikilizwa huko juu, alisema, maji yanakuja. Fundi aliishia darasa la tatu, lakini namba hazikumpiga chenga. Kila nyumba ikatoa mchimbaji. Siku tisa walipiga sururu katika udongo mwekundu wa mlima, nyuma ya shule, naye akizunguka na kamba na timazi, akimfokea kila aliyekata ukingo upande. Kuta zikanyooka kama zimekatwa kwa kisu. Alijiona.

Siku ya mwisho mkewe alimletea chakula. Mama yule hakuwa mtu wa kumeza neno. Aliweka sufuria chini, akachungulia shimoni.

"Mzee, maji yataingia humu kwa ngazi?"

"Unasemaje wewe?"

"Sioni tundu la kuingilia wala la kutokea. Tangi gani hili lisilo na bomba?"

Wachimbaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha sururu. Fundi akahisi amevuliwa nguo hadharani. Akamwambia mkewe apime chumvi yake jikoni, vipimo awaachie wenye karatasi.

"Haya, mwenye karatasi," mkewe akasema. "Kula kabla hakijapoa."

Neno lile lilimkereketa hata hivyo. Jioni alipita kwa mwenyekiti kuuliza. Mwenyekiti alikuwa akifunga mizigo, akamcheka: mabomba yako njiani, na wewe ni fundi wa mawe au fundi wa maswali? Fundi akacheka pia, akaenda zake. Kicheko hicho ndicho kinachomkosesha usingizi hadi leo, kuliko hata mishindo.

Alipopanda na mchanga mchana ule, hakukuwa na moshi wa jiko hata mmoja. Mshona viatu, aliyejibana juu ya dari ya kibanda chake, ndiye aliyemsimulia. Wanajeshi waliweka meza mbele ya shule, wakasema wanagawa mablanketi. Walikuwa na orodha ya nyumba kwa nyumba, mwandiko wa mwenyekiti mwenyewe. Watu wakapanga mstari, baridi ya mlima ikiwatafuna, wakichukuliwa kumi kumi kwenda nyuma ya shule. Mishindo ikilia, waliobaki waliambiwa ni mwamba. Mshona viatu aliona watu mia mbili na kumi na mmoja wakipita, na robota moja la mablanketi mezani. Robota halikupungua hata blanketi moja.

Mke wa fundi alikuwa wa arobaini na kitu kwenye mstari. Alitaka blanketi la rangi ya kahawia, mshona viatu alisema, lisiloonyesha uchafu.

Na mwenyekiti? Aliteremka mjini Jumanne, yeye na mke na watoto, hata kuku kawatia kwenye tenga. Mtu anayekumbuka kuku wake anashindwa vipi kukumbuka majirani?

Vita viliisha, na wakubwa hawakumwadhibu, walimpandisha cheo. Mwaka wa tatu akarudi kwa gari, tumbo limemtangulia, na mifuko ya saruji nyuma yake. Serikali inataka shimo lizibwe kwa zege na juu yake usimame mnara wa kumbukumbu. Fundi ni nani tena kama si yule yule? Alimpa karatasi nyingine yenye mhuri.

Watu wachache waliosalia walikuwa wamekusanyika. Fundi hakuipokea karatasi.

"Mheshimiwa, kazi hii nitaifanya leo leo," alisema. "Lakini nijibu kwanza swali la mke wangu. Nilikuletea jioni ile, ukacheka."

Mheshimiwa aliwageukia watu, akasema mzee wetu ana majonzi, tumwelewe. Akaahidi kwamba swali limepokelewa. Akapanda gari.

Mafundi wawili wameletwa tangu hapo kutoka mjini. Wote walimkuta fundi amekaa juu ya mifuko ya saruji, mwiko mapajani. Wakasikiliza, wakakusanya vyombo vyao, wakateremka. Saruji imeshika unyevu, imegeuka mawe mfuko kwa mfuko. Naye anajua kwamba akilifunika shimo lile, hakuna atakayeulizwa tena. Kwa hiyo kila gari lenye bendera likipanda mlima anasimama, anajikung'uta vumbi, anauliza kwa maneno yale yale aliyoyasikia pale ukingoni, sufuria ikitoa mvuke:

Tangi gani hili lisilo na bomba?