Kibali cha Mifupa

Aurélie alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akisugua fuvu la nungunungu kwa mswaki uliokwisha manyoya. Ndivyo alivyoianza kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kazi kubwa siafu walikuwa wameshaimaliza. Ukiacha mzoga penye njia yao, ukaufunika kwa sufuria bovu ili mbwa wasiufikie, utakachokuta baadaye ni mfupa mtupu, msafi kuliko sahani za nyumba nyingi.

Nungunungu yule aligongwa na lori la mahindi. Ngedere aliokotwa shambani, kafa kwa ugonjwa wake. Panya buku alinaswa kwenye mtego wa jirani. Hakuna hata mmoja ambaye Aurélie alimuua, na wote walilala pamoja ndani ya karai, uvunguni mwa kitanda chake.

Alikuwa kidato cha tatu, katika shule isiyo na maabara, mbele kidogo ya kijiji cha Kasekese. Huko moyo wa ng'ombe ulifundishwa kwa chaki ya rangi, na chaki ikiisha, kwa mdomo. Lakini karai lilikuwa limemfundisha jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Nungunungu ana miba na buku hana, ila ukiwafungua midomo utadhani wamenyonya ziwa moja: meno mawili ya mbele kama patasi, halafu pengo, halafu magego. Alipomweleza Madam Rabia, mwalimu wao wa Baiolojia, yule mama aliweka chaki chini.

"Wewe hili umelisoma wapi?"

"Kwenye karai, Madam."

Madam Rabia alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku hiyohiyo alilipeleka jina la Aurélie kwenye maonesho ya sayansi ya wanafunzi, yatakayofanyika Mpanda mjini siku ya Ijumaa. Shule yao haikuwahi kupeleka mtu. Aurélie alilala na furaha mpaka ikamnyima usingizi.

Aliyeharibu mambo ni mama yake, na aliyaharibu kwa mapenzi.

Vénérande alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, enzi zile mkimbizi hawezi kutoka hata kwenda kumzika ndugu yake bila kibali cha ofisi. Uraia aliupata, karatasi anayo, lakini mwili wake haujapata habari. Majirani nao walikuwa wameanza kunong'ona kisimani kwamba kwa Vénérande kuna mifupa uvunguni, na mifupa uvunguni haina maelezo mengi. Mume wake, Arcade, alikuwa mbali kwenye mashamba ya tumbaku, hakuwa na wa kushauriana naye. Basi Jumatatu akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa mtendaji wa kijiji kumwombea bintiye kibali cha kuweka mifupa.

Mtendaji alisema hajawahi kuandika kibali cha namna hiyo, ila atawauliza wakubwa. Akawauliza.

Jumatano mchana, Aurélie ndiyo kwanza ametoka shule, pikipiki ikasimama uani. Akashuka Afande Deogratias, askari wa wanyamapori, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliomba karai kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Nani kaua hawa?"

"Hakuna, afande," alisema Aurélie. "Niliwaokota wameshakufa. Mifupa ni ya kusomea."

"Mwanangu, mfupa wa mnyamapori ni nyara ya serikali. Hata kama kafa kwa uzee, serikali ndiyo mwenye msiba. Unacho kibali?"

"Ndicho nilichokwenda kuomba, mzee," alisema Vénérande.

"Sasa mama, si umeona? Umeomba kibali cha kitu ambacho tayari unacho. Hapo umejishtaki mwenyewe."

Vénérande alikalia kinu. Alikuwa amejipalia makaa, na kwa mikono yake.

"Mimi siyo mtu mbaya," aliendelea Deogratias, akimwaga mafuvu ndani ya kiroba. "Nikiandika hili, nyie mtalala ndani leo. Wacha nichukue tu, yaishe." Kisha badala ya kuondoka akavuta kiti, akavua kofia, akaitundika gotini. "Tangu asubuhi, lakini, sijatia kitu tumboni."

Mgeni akivua kofia namna ile, hasubiri ugali na mlenda. Vénérande alinyanyuka akamkamata tetea mwekundu, yule ambaye mayai yake ndiyo yaliyokuwa sabuni ya Aurélie na kalamu zake. Sabuni yenyewe ilikuwa inapanda bei kila wakienda gulioni, na kuku alikuwa huyo mmoja.

Deogratias alikula taratibu, bila haraka, akisifia mchuzi. Mapaja yote mawili alipewa yeye. La kushoto alilichuna nyama akaliweka. La kulia alilivunja kwa meno, akafyonza uboho, akatafuna mfupa mpaka ukaisha. Alinawa, akashukuru, akafunga kiroba nyuma ya pikipiki, akaenda zake.

Aurélie hakulia. Alimkasirikia yule askari, na zaidi alimkasirikia mama yake, akaona aibu kumkasirikia.

"Nilitaka uwe salama, mwana wanje," alisema Vénérande. Kirundi kilimtoka alipoumia. Aliinua sahani ya mgeni ili ammwagie mbwa.

"Mama, usimwage."

"Ni mifupa tu."

"Ndiyo. Na kuku siyo nyara ya serikali."

Vénérande alimtazama binti yake, kisha akamfukuza mbwa. Walikusanya yote: ya sahanini, ya chunguni, na kichwa na miguu iliyokuwa imetupwa jalalani. Walichemsha, wakasugua, wakaanika. Alhamisi jioni walikaa mkekani wakiunga kwa ulimbo na nyuzi za waya, na Vénérande, ambaye amechinja kuku maisha yake yote, ndiye aliyejua kila kipande cha shingo kinafuata kipi. Alianza kucheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ijumaa, ukumbini Mpanda, kuku alisimama juu ya ubao kwa mguu mmoja na nusu. Mbele yake Aurélie aliweka vikaratasi vya majina ya mifupa. Madam Rabia alivipitia kimoja kimoja akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika cha mwisho.

*Paja la kulia halipo. Lilitafunwa na askari wa wanyamapori siku ya Jumatano, baada ya kuchukua mifupa mingine yote.*

Alikisoma mara ya pili. Mlangoni wageni rasmi walikuwa wameanza kuingia, tai shingoni, mmoja wao na sare ya kijani ya idara ya wanyamapori.

"Aurélie," alisema kwa sauti ya chini, "hao wote watapita hapa. Tukitoe hiki?"

"Madam, si ulisema mwanasayansi anaandika alichokiona?"

"Nilisema."

"Mimi nilikiona."

Madam Rabia alitazama mlangoni, akamtazama kuku. Ajira yake ilikuwa ya mkataba, na aliifikiria. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu nene, akainama mezani, akaanza kuyakoleza yale maneno, herufi moja baada ya nyingine, ili hata aliyesimama mbali aweze kuyasoma.