Kichaka cha Marehemu

Jumamosi asubuhi mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapogoa kichaka alichopandiwa na watu baada ya kufa kwake. Alikata kila ncha yenye maua yaliyoanza kunyauka, kwa mkasi wa jikoni, akazikusanya kwenye beseni. Majani ya kichaka yalikuwa na rangi ya fedha na vinyweleo laini, na hakikupenda maji mengi. Ukikizidishia, majani yanageuka kijani na maua yanagoma. Mama aliligundua hilo mwenyewe, maana waliokileta hawakuacha maelekezo.

Kifo chenyewe kilitokea kwa simu. Mwanawe, msoma mita wa ofisi ya maji, aliamka siku moja hana homa wala nini, anataka tu kulala. Akampigia meneja na kumwambia, kwa macho makavu, kwamba mama amefariki. Mama alikuwa hapo hapo jikoni anamkaangia mayai.

"Si ungesema tumbo," alisema mama, akageuza yai.

"Tumbo nilishalisema mwezi uliopita."

Jioni yake wenzake wa kazini walikuja bila taarifa kumpa pole, meneja amebeba kichaka kwenye ndoo. Mama akaingia stoo, kwa sababu si vizuri marehemu kuwakaribisha waombolezaji. Walikipanda wenyewe mbele ya dirisha, na dada wa mapokezi akalia machozi ya kweli. Mwana naye alilia. Yake yalikuwa ya aibu, lakini machozi hayaandikwi majina.

Tangu hapo, kila wenzake walipopita, mama alikwenda kukaa stoo kati ya ndoo na baiskeli mbovu. Hakununa. Alikuwa na kichaka chake. Alichanganya udongo na kokoto ili maji yasituame, akahamisha kamba ya nguo isikizibie jua. Kichaka kikanawiri, naye akaanza kuota vinyweleo vya fedha mikononi, halafu shingoni. Mwana aliviona wakiwa mezani, akamshauri apake mafuta. Mama akapaka, vikang'aa zaidi. Hewa ilipokuwa nzito kabla ya mvua, vijiua vya zambarau vilimchipuka nyuma ya masikio na kwenye ncha za vidole. Alipanguza vile vya masikioni kabla ya kulala ili visichafue mto.

Jumamosi hiyo hewa ilikuwa nzito. Geti likalia, wakaingia meneja na dada wa mapokezi. Mwaka ulikuwa umetimia, wakaona si vyema mwenzao akae peke yake. Mlango wa stoo ulikuwa upande wao. Mama akasimama kando ya kichaka, akainua mikono kidogo, akatulia.

"Kumbe umeotesha na cha pili," alisema meneja.

Mwana, aliyekuwa ametoka mlangoni, akamtazama mama. Mama akamtazama yeye. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa pana kabisa.

"Kilijiotea tu, bosi."

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akajikaza kisabuni, akawakaribisha chai.

"Hiki cha pili ndicho kizuri," alisema dada wa mapokezi. "Marehemu angekipenda. Naomba katawi nimpelekee mama yangu, anashinda peke yake nyumbani. Kenye ua, tafadhali."

Mwana akageukia kile cha kwanza. Kilikuwa kimepogolewa asubuhi ile ile, hakina ua hata la dawa. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwa mama. Aliushika, na mama akalegeza vidole akamwachia. Kisha akakitenga kidole kidogo cha mkono wa kushoto mbali na vingine, ili mwanawe asikosee.

Mwana akakata. Haikutoka damu, ulitoka utomvu mweupe kidogo. Dada wa mapokezi alikifunga kwenye kitambaa chenye maji, akashukuru sana.

Walipoondoka, mama alifunga mkono kwa kipande cha khanga, akarudi kwenye kigoda. Mwana alisimama mlangoni. Alitaka kusema nisamehe, akauliza kama chumvi ipo.

"Ipo," alisema mama. "Yule binti ana adabu. Mwambie asikimwagilie sana. Na akiweke juani."

Jumatatu, saa ya chakula, mwana alikaa mapokezi na bakuli alilofungiwa nyumbani. Kifuniko hakikuwa kimebana vizuri, mchuzi ulikuwa umevuja kwenye mfuko. Alimweleza yule dada habari za jua, za kokoto, na za maji kidogo.

"Mama yangu amefurahi, hujui tu," alisema dada. "Haya yote umejifunza wapi?"

"Kwa marehemu mama," alijibu, akaendelea kula.