Binti wa Kwanza wa Ayubu

Kwa Mariette, muuza vitabu wa Butembo, vitabu vya picha vya hadithi za Biblia vilikuwa vitatu tu, na Mama Léa alikuwa ameviatamia tangu asubuhi kama kuku juu ya mayai. Kanisa lake la Bungulu, kule Beni, lilikuwa limemtuma achague kimoja kwa ajili ya watoto wadogo wa shule ya Jumapili. Ulikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka 2003. Vita vilikuwa vimewamwaga watu Beni kutoka Eringeti na kule mbele zaidi, na nusu ya watoto waliokaa kwenye mikeka ya kanisa walikuwa wakimbizi. Wazee wa kanisa walimpa agizo moja: picha ziwe nyingi, damu isiwemo.

Agizo jepesi kwa anayelitoa. Kitabu cha kwanza kilimwonyesha Abrahamu amemwinulia Isaka kisu. Cha pili kilikuwa na gharika, na mama amemnyanyua mtoto juu ya maji huku safina ikienda zake. Mariette, aliyekuwa akila karanga, alimtazama akifungua na kufunga, akacheka.

“Mama Léa, ukiondosha damu yote, utarudia Beni na carton ya juu tu, bila kurasa.”

Cha tatu kilikuwa kipana, chenye rangi kali, kilichoteremka na ndege kwenye kiwanja cha Rughenda wiki ileile. Ubaya wake ulikuwa ukurasa mmoja: nyumba imeangushwa na upepo juu ya watoto wa Ayubu, na miguu yao inaonekana kati ya nguzo. Lakini ukurasa mmoja unaweza kufungwa. Mwisho wa hadithi, Ayubu alikuwa amenenepa tena, ameketi na mabinti zake watatu wapya, warembo, na majina yao chini: wa kwanza Yemima, wa pili Kesia, wa tatu Keren-hapuki. Kidole cha Léa kilisimama kwenye jina Keren. Akanunua bila kubishana bei, na katika Butembo mtu asiyebishana bei hutazamwa mara mbili.

Alikuwa na sababu yake, na wazee hawakuijua. Alikuwa ameolewa miaka kumi na minne bila kuzaa. Kwao, mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wenzake waliomchezea siku ya harusi walikuwa sasa Mama Paluku na Mama Masika. Yeye alibaki Mama Léa, kana kwamba alijizaa mwenyewe. Hakuna aliyemcheka usoni. Walimhurumia, na huruma ya wanawake wa sokoni inawasha kuliko upupu.

Miezi miwili kabla ya safari hiyo, yeye na mumewe Esdras, mzee wa kanisa mpole anayeogopa kelele, walikuwa wamempa mkimbizi mmoja nyumba yao ya jikoni alale. Aliitwa Virginie, na alitoka upande wa Eringeti na mtoto mmoja mgongoni. Mumewe alichukuliwa na askari kubeba mizigo, hakurudi. Mabinti zake watatu wakubwa walijificha katika nyumba ya jirani, na nyumba ile ikachomwa wakiwa ndani. Yeye alikuwa shambani na mdogo. Mdogo huyo alikuwa na miaka sita. Jina lake la ubatizo lilikuwa Keren, na la kuzaliwa Kahambu.

Hilo la pili ndilo lililokuwa mwiba. Wanande, kabila la pande hizo, huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Kahambu. Kifo hakibadilishi zamu. Wa nne hubaki wa nne hata akibaki peke yake, na kila anayemwita huwa amewataja na wale watatu bila kujua. Keren mwenyewe hakujua kwamba wamekufa. Mama yake alimwambia kuwa dada zake wako nyuma, wako njiani, na alimwomba Léa asimwambie vingine.

Tuseme ukweli, Léa alimpenda mtoto yule. Alimsuka, alimnunulia viatu, alimpa yai kila asubuhi huku mama yake akinywa chai kavu pembeni. Kisha akaomba apewe, awe wake kabisa. Virginie alijibu kwamba amebaki na mmoja, na mmoja hagawanyiki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini Léa alikuwa amechoka na methali za wazazi. Alijiambia kwamba mwanamke huyu amekosa mafundisho tu, na Ayubu atamfundisha.

Alirudi Beni juu ya magunia ya viazi, kitabu amekifunga kifuani ndani ya kitenge. Nyumbani alikoroga unga wa muhogo ukawa gundi, akaubandika ukurasa ule mbaya kwenye ukurasa uliotazamana nao, akaweka jiwe juu hadi ukakauka.

Jumapili wazee walikuja kukiona kitabu, na wanawake wakajaa kwenye mabenchi ya nyuma. Léa alisimulia vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ayubu alikuwa tajiri, alikuwa na wana saba na mabinti watatu. Ayubu akapata mateso. Hapo aliruka gundi yake bila kujikwaa, akafika mwisho, akakiinua kitabu juu wote waone: Mungu alimrudishia Ayubu mabinti watatu, wa kwanza Yemima, wa pili Kesia, wa tatu Keren. Watoto wote waligeuka kumtazama Keren. Ndipo Léa akamtazama Virginie juu ya vichwa vyao. Alisema kwamba Ayubu hakukaa kuhesabu waliokwenda. Alifungua mikono, na Mungu akaijaza. Mama anayempenda mwanawe, alisema, hamfungi katika jiko la kuazima kama kuna nyumba inayomtaka. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa fundisho zuri kwa mtu mwingine.

Keren akasimama. Alikuwa bado ameshika vidole alivyohesabia.

“Yemima hapana wa kwanza,” alisema. “Ayubu alikuwa na batatu kwanza. Donc Yemima iko Kahambu, sawa mimi.”

Watoto walicheka, kwa sababu ni kweli; mtoto wa Kinande huijua hesabu hiyo kabla ya kujua kuhesabu kuku. Keren hakucheka. Alikuja mbele akaulizia wale wengine, Masika wa Ayubu, Kavira wake na Kavugho wake, mbona kitabuni hawamo. Akashika pembe ya ukurasa uliobandikwa, akaukwaruza kwa ukucha, akauliza kama wamo humu.

Virginie alikuwa amesimama kule nyuma, anamtazama Léa na kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayeomba asipigwe. Léa angeweza kusema hajui. Angeweza kufunga kwa sala. Lakini wazee walikuwa wanatazama, na kitabu alikichagua yeye.

“Bako njiani,” alisema. “Banakuya.”

Uso wa mtoto ulichangamka kuliko ulivyowahi kuchangamka tangu Eringeti. Alisema kumbe ni kama dada zake yeye, akarudi kwenye mkeka, akakaa. Virginie naye akakaa. Uongo ulikuwa wake tangu mwanzo, lakini sasa ulikuwa umetoka katika Biblia, na hakuwa na nguvu ya kuurudisha.

Wiki ileile Léa alimwambia Virginie kwamba jiko linatakiwa kwa magunia ya Esdras. Hakupandisha sauti. Alisema kuna nafasi kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Oicha, kisha akaongeza, kwa upole uleule, kwamba wanasema kule kuhara kunazika watoto kila wiki. Keren alikuwa anakohoa. Esdras alitazama viatu vyake, akasema tu kwamba hapa mtoto atakula. Huo ndio ulikuwa wema wote aliokuwa nao siku hiyo.

Virginie alifunga furushi lake. Alimwinamia mtoto muda mrefu, kisha akaja mbele ya Léa.

“Abakie, kusudi asikufe. Mais ataitwa Kahambu. Bale bengine bako mu ile jina, Mama. Habana kaburi ingine.”

Léa aliapa. Aliweka mkono juu ya kitabu chenyewe akaapa.

Kiapo kilikaa siku tisa. Siku ya kumi aliwatangazia majirani kwamba mtoto ni Masika: si ndiye binti wa kwanza wa nyumba hii? Angeitwaje Mama Kahambu, watu wamuulize wale watatu wako wapi? Wanawake wa soko hawakuwa wachoyo wa furaha. Mama Masika, njoo uone maharagi. Mama Masika, za nyumbani. Siku hiyo ya kwanza alirudi na nyanya za kutosha harusi, maana alinunua kwa kila aliyemwita hivyo, na alilia njia nzima kwa raha. Virginie alikuja kwa miguu Jumamosi tatu kumwona mwanawe, na mara zote tatu aliambiwa langoni kwamba mtoto amelala. Jumamosi ya nne hakuja. Pengine njia ilikuwa mbaya, pengine ni jambo baya zaidi, Léa hakuuliza.

Lakini mtoto alikuwa tatizo. Kila Léa alipoita “Masika,” Keren hakuitika. Aliangusha alichoshika, akakimbia hadi langoni, akatoka, akaitazama barabara ya Oicha. Kisha alirudi akihema na kuuliza kama Masika amefika. Léa alimweleza, mara kumi, mara ishirini: Masika ni wewe. Mtoto alimtazama kwa subira, kama unavyomtazama bibi aliyeanza kusahau, akamkumbusha kwamba yeye ni wa nne, na kwamba Mama Léa mwenyewe alisema kanisani wako njiani. Siku moja harufu mbaya ilimfanya Léa ainue mkeka wa mtoto. Chini yake palikuwa na nusu za mayai, nyingine zimeota ukungu. Keren alikuwa akiwawekea dada zake.

Mwishowe wakaja wanawake wa kanisa kumpongeza. Léa aliita “Masika” alete viti, na mtoto akapita katikati yao mbio, akaenda barabarani. Wageni walitazamana. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Léa aliingia ndani akatoka na kitabu na kisu cha kumenyea viazi. Alimrudisha mtoto kwa mkono, akapitisha kisu kwenye gundi mbele ya wageni. Ukurasa ulichanika, picha ikatoka vipande: nguzo, udongo, miguu.

“Ona,” alisema, kidole juu ya miguu. “Batoto ba kwanza njo haba. Masika alikufa. Kavira alikufa, Kavugho alikufa, nyumba iliwaka na bako ndani. Hapana mutu iko njiani. Masika njo weye sasa.”

Keren alitazama picha kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye miguu, mmoja mmoja, akihesabu. Hakulia. Wageni waliaga bila kunywa chai.

Tangu siku hiyo hakukimbilia barabarani tena. Hakuficha yai. Akiitwa Masika, alikuja na kusimama. Léa alimwambia Esdras kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya, na Esdras alitazama viatu vyake.

Siku ya soko alimshika mkono, amemsuka vizuri, viatu vinang'aa. Muuza maharagi aliwaona kwa mbali, akaita, karibu Mama Masika. Keren aliachia mkono, akampa yule mama mikono yake miwili kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao.

“Masika alikufa,” alisema. “Aliungua mu nyumba na Kavira na Kavugho. Mama ya Masika iko Oicha.”

Léa alimvuta. Kwenye meza iliyofuata waliitwa tena, na mtoto akatoa mikono tena na kusema yaleyale, kwa sauti ileile. Na kwenye meza iliyofuata. Hakuwa na hasira. Alikuwa anawapelekea watu msiba ambao hakuna aliyewahi kuwatangazia, na aliupeleka meza kwa meza, kama inavyotakiwa. Nyuma yao wanawake walianza kusimama. Mmoja alivuta kitenge akajifunika kichwa, na mwenzake akaacha kupima unga.

Walipofika kwa muuza mawese, habari ilikuwa imewatangulia. Mama yule alishika kipimo, hakumtazama Léa usoni.

“Unataka vipimo ngapi, Mama Léa?” akauliza.